Windows ya Mia Tatu: Zilizobaki Analipa Nani?

Mwisho wa mwezi wa sita, saiba za Changamwe hujaa. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, na sisi Wakenya tunajijua: tunangoja mpaka dakika ya mwisho. Siku hizo tulikuwa Magongo, katika zile ziara zetu za kuwafunza wateja na mawakala kujikinga na matapeli. Tukaingia saiba moja ndogo yenye kompyuta sita, iliyobanwa kati ya kinyozi na duka la nafaka. Ukutani pamebandikwa karatasi ya bei iliyoandikwa kwa mkono: ritani ya KRA mia moja, CV mia moja, kuprinti ukurasa shilingi kumi, kuskani ishirini. Chini kabisa: Windows 300. Office 200. Antivairasi bure ukichukua zote mbili.

Tulicheka, na mwenye saiba akacheka nasi. Tukamuuliza, bwana, hii Windows ya mia tatu inatoka wapi? Akafungua droo, akatoa flashi nyekundu. "Iko humu. Hii imehudumia mtaa mzima."

Wiki tatu baadaye alitupigia simu, na safari hii hakuwa na kicheko. Wateja wake wanne walikuwa wamerudi kulalamika kwamba barua pepe zao haziingiliki. Wa tano hakurudi kulalamika kuhusu barua pepe. Ni mama anayeuza samaki wa kukaanga huko Chaani, na yeye alipoteza shilingi 18,400 kutoka kwenye simu yake.

Huyu mama alikuja saiba kufanya ritani tu. Aliingia kwenye barua pepe yake, akaingia kwenye akaunti yake ya serikali, akaskani kitambulisho. Siku chache baadaye akapigiwa simu na kijana mwenye sauti ya adabu, akajitambulisha kama mtu wa huduma kwa wateja. Alimtajia majina yake matatu, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na PIN ya KRA. Mama akaona huyu bila shaka ni mtu wa ofisini, manake tapeli angeyajuaje yote hayo? Akaombwa asome namba ya uthibitisho iliyoingia kwa meseji, akaisoma. Akaombwa na namba yake ya siri "ili akaunti isifungwe", akaitaja. Zikaondoka pesa za samaki za wiki mbili.

Mwenye saiba alimwita fundi aliyebobea zaidi yake kukagua zile kompyuta. Katika tatu kati ya sita, fundi alikuta kijiprogramu kimejificha kinachonukuu kila kinachobonyezwa kwenye kibodi na kukituma nje. Hakuweza kuapa kilitoka wapi. Lakini alichomeka ile flashi nyekundu kwenye kompyuta yake iliyolindwa, na antivairasi ikapiga kelele papo hapo. Mwenye saiba mwenyewe alikumbuka kwamba kile chombo cha kuamshia Windows kilikuja na maagizo, na agizo la kwanza kabisa lilikuwa: zima antivairasi.

Tumepewa ruhusa ya kuyasimulia haya bila majina. Tunayasimulia kwa sababu kila mwezi tunapokea maswali kuhusu programu za kukraki, na mengi yanauliza jambo moja: ni hatia kweli, ama ni mambo ya matajiri wa ng'ambo kulinda faida yao? Ni swali la haki, na tutajaribu kulijibu bila kuzunguka.

Ukinunua programu, unanunua nini?

Mtu wa Likoni atalielewa jambo hili haraka kuliko wengine. Kwenye feri, anayevuka kwa miguu halipi kitu. Mwenye gari hulipa. Wote wawili wanavuka kwa halali, kwa sababu mwenye kivuko ndiye aliyeweka utaratibu huo. Tatizo ni yule anayetaka kupitisha lori kwenye lango la waendao kwa miguu.

Programu za kompyuta ziko hivyo hivyo. Ukilipia programu hujaimiliki. Umepewa ruhusa ya kuitumia kwa masharti fulani, na ruhusa hiyo ndiyo inayoitwa leseni. Kuna wenye programu waliosema: tumieni bure, nakilini, gawaneni. Hao ndio wa kuvuka kwa miguu. Kuna waliosema: lipa kwanza, tena kwa kompyuta moja tu. Uharamia wa programu ni kuitumia, kuinakili au kuiuza nje ya ile ruhusa. Mitaani kwetu huja kwa sura hizi:

- Chombo cha kuamshia Windows au Office bila leseni, kama kile cha flashi nyekundu.
- Leseni moja iliyonunuliwa kihalali, kisha ikawekwa kwenye kompyuta kumi za ofisi.
- Kompyuta ya mtumba, zile za ex-UK, inayouzwa tayari imejazwa programu ambazo muuzaji hakuzilipia.
- "Ufunguo" wa leseni unaouzwa mtandaoni kwa shilingi mia tano, na mara nyingi umeibwa au umetolewa kwenye leseni ya shirika fulani.
- Apu za simu zilizofunguliwa na kugeuzwa na watu wasiojulikana: muziki bila matangazo, michezo yenye sarafu zisizoisha, WhatsApp yenye rangi na mbwembwe.

Sheria ya Kenya inasemaje?

Sheria yenyewe ni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika 2003 na kufanyiwa marekebisho makubwa 2019. Ndani yake, programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya fasihi, yaani imewekwa rafu moja na riwaya na mashairi. Ulinzi huo haungoji usajili. Ukiandika programu yako leo usiku ukiwa Mtopanga, kesho asubuhi tayari ni yako kisheria. Msimamizi wa mambo haya ni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, na wakaguzi wake wana mamlaka ya kuingia kwenye biashara na kukagua. Katiba ya 2010 nayo, kifungu cha 40, inaitaka serikali kulinda mali ya ubunifu ya watu wa Kenya.

Kuna makosa ambayo sheria inayahesabu kuwa jinai: kutengeneza nakala za haramu ili kuuza, kuziuza au kuzikodisha, kuzisambaza, kuziingiza nchini kwa biashara, na hata kuwa nazo kwa matumizi yasiyo ya nyumbani. Kwa anayetengeneza nakala za kuuza au anayezisambaza, adhabu inaweza kufika faini ya shilingi 400,000, au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Kuvunja kufuli ambayo mwenye programu ameiweka kulinda kazi yake nako kumekatazwa. Kwa hiyo kile chombo cha kuamshia chenyewe ni tatizo, hata kabla hujajua kina virusi au hakina.

Utamsikia mtu akisema, "Mimi yangu ni ya nyumbani tu." Ni kweli kwamba kifungu cha jinai kuhusu kuwa na nakala ya haramu hakimlengi mtu aliyenayo kwa matumizi yake binafsi ya nyumbani. Lakini kutoshtakiwa si sawa na kuruhusiwa. Leseni hukuipata, na mwenye kazi bado ana haki yake. Halafu tuangalie hali zetu zilivyo. Laptopu hiyo ya "nyumbani" jioni inaandika risiti za duka, wikendi inachapa kadi za harusi kwa malipo, na mwisho wa mwezi inatengeneza hesabu za chama. Hapo nyumbani pameshakwisha. Ni biashara.

Na usidhani kesi za namna hii hazifiki mahakamani. Microsoft imewahi kuzishtaki kampuni za kuuza kompyuta jijini Nairobi kwa madai ya kupakia programu zake kwenye mashine bila leseni. Mmojawapo ni kesi ya mwaka 1999 dhidi ya Microskills Kenya, ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba Microsoft ilipwe mamilioni ya shilingi. Walioshtakiwa ni wauzaji, si wanafunzi waliokuwa wakichapa insha zao. Ndiyo maana yule bwana wa Magongo, kwa kuandika "Windows 300" ukutani, alikuwa amejiweka mahali pabaya zaidi kuliko wateja wake wote.

Sheria hiyo hiyo ina upande wa kukupa nafasi pia. Ukiwa na programu kihalali, unaruhusiwa kutengeneza nakala ya akiba ili ikiharibika usipoteze. Si kila kunakili ni wizi.

Simu yako ndiyo pochi yako

Tuvuke sasa twende Likoni. Mwaka jana tulikaa na mawakala wetu karibu na soko, tukawaomba watuonyeshe WhatsApp wanayotumia. Kati ya saba, watatu walikuwa na ile ya GB. Sababu zao zilikuwa za kueleweka: unaona ujumbe uliofutwa, unajificha usionekane uko mtandaoni, unaweka laini mbili. Mmoja alisema, "Hii ya kawaida haina ladha."

Apu hizo hazitoki kwa WhatsApp. Ni watu wameichukua programu ya wenyewe, wakaigeuza bila ruhusa, wakaiweka mtandaoni upakue nje ya duka rasmi. WhatsApp wenyewe wanasema hairuhusiwi na wanaweza kukufungia akaunti. Lakini hilo ni dogo. Mwaka 2021 wataalamu wa kampuni ya usalama ya Kaspersky waligundua kwamba toleo moja la FMWhatsApp, ndugu yake GB, lilikuwa limebeba programu hasidi iitwayo Triada, inayoweza kupakua virusi wengine na kusoma meseji za simu. Mwaka uliofuata, 2022, wakagundua toleo la YoWhatsApp lililokuwa likituma funguo za akaunti ya mtumiaji kwa watu wasiojulikana, kiasi kwamba wangeweza kuiteka akaunti yake.

Sasa fikiria maana yake kwa mtu anayeweka pesa kwenye simu. Meseji zako ndimo zinamoingia namba za uthibitisho. Humo ndimo zinamoonekana salio lako, nani alikutumia, na saa ngapi. Anayezisoma anajua wewe ni nani, unalipwa lini, na jina la mtu unayemwamini. Na anayeiteka WhatsApp yako hahitaji hata namba yako ya siri. Anawaandikia shangazi, kaka na wanachama wa chama: "Nimekwama kidogo, nitumie elfu tatu kwa namba hii, jioni narudisha." Wanatuma, kwa sababu ujumbe umetoka kwako. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na kwa habari ya virusi vya simu msemo huu haukosei hata kidogo.

Kwenye kompyuta mambo ni hayo hayo kwa njia nyingine. Windows ya kukraki mara nyingi imezimiwa masasisho ili ile kufuli iliyovunjwa isigunduliwe, na masasisho ndiyo yanayoziba matundu ya usalama. Mwezi wa tano mwaka 2017, virusi vya WannaCry vilipoenea dunia nzima na kufunga mafaili ya watu kwa fidia, tundu lililotumika lilikuwa limezibwa na Microsoft miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikusasishwa.

"Lakini tajiri atapungukiwa nini?"

Tuache sheria na virusi kidogo, tuje kwenye lililo gumu zaidi. Kijana mmoja kwenye kikao chetu cha Mtongwe alisimama akasema, na ukumbi ukampigia makofi: "Hao jamaa ni mabilionea. Mimi nikichukua Office yao, wao bado wanayo. Sijawaibia kitu. Na bei waliyoweka ni mshahara wangu wa mwezi."

Hatutamjibu kwa dharau, kwa sababu ndani ya maneno yake mna ukweli. Bei za programu nyingi zimepangwa kwa mifuko ya Marekani na Ulaya. Na anachofanya ni jambo la kawaida kwetu: BSA, muungano wa kampuni za programu, ulikadiria kwamba mwaka 2011 asilimia 78 ya programu zilizowekwa kwenye kompyuta nchini Kenya hazikuwa na leseni, na mwaka 2017 asilimia 74. BSA ni wenye mali wakihesabu mali yao, kwa hivyo chukua takwimu hizo kwa uangalifu. Hata ukizipunguza, zinabaki nyingi. Kijana huyu si mwovu wa mtaa. Yeye ndiye mtaa wenyewe.

Tulimwomba tu asikilize kisa cha mwenzake wa Kisauni.

Huyo ni kijana wa Mwandoni, alisoma kompyuta chuoni, hakupata kazi, akakaa miezi minane akiandika programu ya kuhesabu stoku kwa maduka ya hadiwea na ya jumla. Inatumia Kiswahili. Inajua kwamba mteja wa Mombasa hukopa misumari leo akalipa Ijumaa. Aliiuza shilingi 4,000 kwa duka, na maduka kumi na moja yakanunua, kuanzia Bombolulu hadi Mishomoroni. Mwezi wa tano mauzo yakasimama ghafla. Siku moja akaingia duka moja la Kongowea kununua rangi, akaiona programu yake mwenyewe kwenye skrini ya keshia. Hakuwahi kumuuzia mwenye duka huyo. Akauliza kwa upole, akaambiwa, "Hii tumewekewa na fundi, mia tano tu. Ni nzuri sana, wewe hutaki?"

Fundi huyo hakumnyang'anya laptopu wala simu. Programu yake bado anayo. Kwa hesabu ya yule kijana wa Mtongwe, hajaibiwa kitu. Lakini miezi minane ya kazi yake ilikuwa inauzwa na mtu mwingine, na yeye nauli ya kwenda nyumbani alikuwa anaazima. Sasa hivi hafanyi tena programu. Anaendesha tuktuk.

Tunaamini hapa ndipo hesabu ya uharamia inapoonekana vizuri. Kampuni kubwa ya ng'ambo ina mawakili na ina wateja wengine mamilioni wanaolipa, itaishi. Asiyeweza kuishi ni wa karibu yetu. Tena kuna jambo ambalo watu huwa hawaliwazi: Office ya kukraki inapopatikana kwa mia mbili, mtu wa kwanza kushindwa kushindana nayo ni mtoto wa mtaani anayetaka kuuza programu yake kwa elfu moja. Tukishazoea kwamba programu ni kitu cha kuchomolewa kwenye flashi, tumemfungia mlango yeye kabla hajabisha.

Wako wateja wetu wanaouliza pia dini inasemaje. Sisi si mashekhe wala mapadri, swali hilo mpelekee anayekuongoza. Tunachoweza kukueleza ni jambo lililo kwenye rekodi: Desemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Kuwait lilipitisha azimio kwamba haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa kisheria ya dini na hairuhusiwi kuzivamia. Haki ya mtu ni haki ya mtu, hata ikiwa haishikiki kwa mkono.

Kwa ile hoja ya bei, jibu letu ni hili: bei ikikushinda, hujabaki na njia moja tu ya kupitisha lori kwenye lango la miguu. Kuna njia ya kuvuka kwa miguu yenyewe, na ni pana kuliko wengi wanavyodhani.

Njia za halali zisizovunja mfuko

Mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mradi uitwao Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu leseni ya OpenOffice inaruhusu yeyote kuifungua, kuitafsiri na kuigawa. Hawakuvunja kufuli ya mtu. Mtoto wa OpenOffice siku hizi ni LibreOffice, na unaipata bure. Kwa matumizi ya kawaida ya mtaani kwetu, orodha ni hii:

- Kuandika barua, hesabu na CV: LibreOffice, au Google Docs ukiwa na intaneti. Zote zinafungua mafaili ya Word na Excel.
- Picha na mabango: GIMP na Inkscape ni za bure kabisa. Canva ina toleo la bure linalotosha kadi za harusi na matangazo ya duka.
- Video: DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo hata watengenezaji wazoefu hulitumia. Sauti: Audacity.
- Kompyuta nzima: Ubuntu au Linux Mint badala ya Windows. Kwa kompyuta nzee za ex-UK mara nyingi huenda kasi zaidi.
- Ukihitaji Windows: kabla ya kununua kompyuta ya mtumba, iwashe hapo hapo dukani, fungua Settings, tafuta neno Activation. Muulize muuzaji leseni ilitoka wapi, na akuandikie kwenye risiti.
- Ukihitaji Office yenyewe: lipa kwa mwezi unaohitaji tu, au mgawane. Leseni ya familia ya Microsoft 365 inaruhusu hadi watu sita. Mwanafunzi, uliza chuo chako kwanza, vyuo vingi vina leseni za wanafunzi.

Neno kwa wenye saiba na mafundi: kuweka programu ya bure kwa mteja na kumtoza kazi yako ni halali. Leseni za LibreOffice na Linux hazikuzuii. Unachouza ni muda wako na ujuzi wako, na hivyo ni vyako.

Kama tayari unayo

Hatukuandika haya ili ulale macho. Ikiwa simu au kompyuta yako ina programu ya aina hii, fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Usiingie kwenye akaunti yoyote ya pesa kwa kifaa hicho mpaka umalize.
2. Ukitumia simu au kompyuta nyingine iliyo salama, badilisha nenosiri la barua pepe yako kwanza. Barua pepe ndiyo mlango wa akaunti nyingine zote.
3. Badilisha namba yako ya siri ya pesa. Usitumie mwaka wa kuzaliwa.
4. Kwenye simu, hifadhi mazungumzo unayoyahitaji, futa apu iliyogeuzwa, kisha pakua ile halisi kutoka duka rasmi la simu yako. Fungua mipangilio uangalie ni apu gani zinaruhusiwa kusoma meseji. Kalkuleta au tochi haina kazi na meseji zako.
5. Kwenye kompyuta, kufuta tu chombo cha kuamshia hakutoshi. Hifadhi mafaili yako, kisha mwombe fundi aifute yote na kuweka mfumo upya.
6. Ukiona pesa zimetoka bila wewe kujua, tupigie mara moja kwa namba rasmi ya huduma kwa wateja. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuzirudisha.

Na hili tunalirudia mpaka mchoke: hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza namba yako ya siri au namba ya uthibitisho. Hata akikutajia kitambulisho chako, tarehe yako ya kuzaliwa na jina la mama yako. Hayo yote yanaweza kuibwa. Namba ya siri inabaki kichwani mwako.

Tulirudi Magongo

Mwezi uliopita tulipita tena kwenye ile saiba. Karatasi ya bei ni mpya. Mstari wa chini umebadilika: Kuwekewa LibreOffice 200. Linux 300. Kompyuta nne zinatumia Linux. Mbili zina Windows aliyoinunua, na risiti zake amezipigilia msumari ukutani kama leseni ya kaunti. Anasema wateja walinung'unika kwa wiki mbili hivi, kisha wakazoea. Ritani za KRA zinafanyika vilevile.

Tulimuuliza kuhusu yule mama wa Chaani. Pesa zake hazikupatikana, zilikuwa zimeshatolewa siku ile ile. Mwenye saiba alinyamaza kidogo, akasema anampelekea elfu moja kila mwisho wa mwezi. Hakuna aliyemwamuru, wala mama hakumdai.

"Ile Windows nilikuwa nauza mia tatu," alisema. "Kumi na tano nimeshamlipa. Zimebaki elfu tatu na mia nne."